Torborg Tallaksen, Aliyesoma Mrija kwa Miaka Arobaini

Majirani zetu wa Lillesand, na nyinyi mliotoka mbali, mnivumilie. Mimi ni Torleiv Gauslå, mdogo wake marehemu. Nitawasomea karatasi hii mliyogawiwa hapa kanisani.

Torborg alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 kisiwani Justøya, mtoto wa kwanza wa Olaus Gauslå, mpeleka barua, na mkewe Inga. Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye, na tangu nipate akili ni yeye aliyekuwa akiniambia lini nina homa na lini najisingizia. Alinigusa paji la uso, akafikiri kidogo, akasema, "Wewe mzima, nenda shule." Hakuwahi kukosea.

Alisoma shule ya kisiwani, kisha ya mjini, na mwaka 1968 alikwenda Oslo kujifunza kazi ya maabara. Alirudi mwaka 1971 akaajiriwa kwenye kliniki ya daktari karibu na bandari, akakaa hapo hadi Juni 2011. Wengi wenu mlikaa kwenye kile kiti chake. Alikuwa akiwatoa damu, anaisimamisha kwenye mrija mwembamba wa kioo, na kusubiri saa nzima aone imetuama milimita ngapi. Ikishuka polepole, mwili umetulia. Ikishuka mbio, kuna uvimbe mahali fulani ndani. Mji huu ulimwamini kuliko daktari mwenyewe. Mtu akilalamika mgongo dukani, mwenzake alimuuliza, "Torborg amekusomea ngapi?" Ikiwa ni kumi, hakuna aliyemhurumia tena.

Salve Tallaksen, fundi wa paa, alifika pale Novemba 1972 akiwa na kikohozi. Alipoona sindano akaanguka chini.

"Mwanamume mzima, unapanda mapaa ya watu, unaogopa kitu kama mwiba?" Torborg alimwambia.

"Paa halinichomi," Salve akajibu kutoka sakafuni.

Ilibidi wasubiri mrija saa nzima, wakazungumza. Ulisoma sita. Salve akauliza kama anaweza kurudi kesho kupimwa tena, kwa uhakika. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973, wakajaliwa binti mmoja, Ragnfrid.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2019. Kichwa kilimuuma kwenye panja, kando ya macho, kitana kikawa kama kinamchuna ngozi, na taya lilichoka kabla chakula hakijaisha. Mrija ulisoma tisini na sita. Daktari Hegland alimwanzishia vidonge siku ileile, kwa sababu kinga ya mwili wake ilikuwa inashambulia mishipa ya damu ya kichwani, na mishipa hiyo ndiyo inayolisha macho. Macho yalipona. Vidonge vilimvimbisha uso na kumlainisha mifupa, kwa hiyo mwaka 2021 akabadilishiwa sindano ya kila wiki.

Siku hiyo nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyemwendesha. Daktari alisema wazi, "Torborg, dawa hii inazima namba zenyewe. Kuanzia leo damu yako itasoma vizuri hata kama ugonjwa umeamka. Usiitegemee. Ukisikia dalili yoyote, nipigie."

Dada aliitikia kwa kichwa. Aliyajua hayo kuliko mimi. Lakini miaka arobaini si mchezo. Aliendelea kwenda kwa wenzake wa maabara kila Alhamisi wampime, na wao wangemkataliaje? Namba ilikuwa tatu, ikawa mbili. Salve alinipigia simu kila Alhamisi kunisomea, halafu akakaanga chapati za maji za kwetu na kuzipaka jemu ya stroberi. Tulikuwa tunasherehekea, jamani. Wote tulikuwa na furaha.

Tarehe 14 Januari mwaka huu wa 2023 nilikunywa kahawa kwao. Nilimwona anakata maganda ya mkate kwa kisu na kuchovya kipande kwenye kikombe.

"Dada, meno?"

"Taya tu linachoka. Alhamisi nilisoma mbili."

"Basi sawa," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu. Salve hakuwa mezani, Ragnfrid alikuwa kwake Bergen, aliyeyaona maganda yale ni mimi peke yangu, na nikasema basi sawa, nikaomba kahawa nyingine.

Siku kumi baadaye aliamka jicho la kulia limezimika. Hospitalini waliliokoa la kushoto, wakaona pia kwamba mshipa mkubwa unaotoka moyoni ulikuwa umevimba muda mrefu. Nilikaa naye. Alinishika mkono, vidole vyake vikiwa mahali pa mapigo kama kawaida yake.

"Torleiv, sikiliza. Ugonjwa huu unatupenda sana watu wa pwani hii, na damu yetu ni moja. Siku ukichoka taya, usianze na namba, wakati mwingine hudanganya hata bila dawa. Sema."

"Nitasema, dada."

"Hutasema, nakujua. Utaona haya kumsumbua daktari. Basi sema mbele za watu, wakusukume."

Tarehe 9 Februari, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, mshipa ule ulipasuka akiwa mezani na mumewe. Alifariki mikononi mwa Salve kabla helikopta haijatua. Ilikuwa Alhamisi.

Ameacha mume, Salve. Binti, Ragnfrid, na mkwewe Eyvind. Wajukuu wawili, Sunniva na Aslak. Na mdogo wake, Torleiv.

Karatasi mliyonayo mkononi inaishia hapo. Yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu leo asubuhi.

Tangu Jumapili, mimi Torleiv sijamaliza kipande cha mkate. Taya linachoka katikati, na panjani pananiuma nikivaa kofia. Juzi nilikwenda kimyakimya kupimwa damu. Mrija ulisoma kumi na nne, namba ya mtu mzima. Nilitoka nje, nikasimama kwenye maegesho, nikajisikia nikisema kwa sauti, "Basi sawa." Ndipo nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Daktari Hegland, nakuona hapo safu ya tatu. Samahani kukusumbua mazishini. Tukishamfunika dada yangu siendi kwenye kahawa ya baada ya mazishi, naondoka na wewe. Ragnfrid, unishike mkono nisibadilishe nia njiani.

Mungu ampokee Torborg, apumzike kwa amani. Dada, nimesema.