Shangazi Taa Akabidhi Msasa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, Shangazi Taa anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake la kwenye hati analijua mhasibu. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, tunamwita hivyo, na wateja wakipiga simu huulizia hivyohivyo: yupo yule shangazi wa taa?

Alianza kama mwosha magari. Enzi hizo taa ya mbele ikishafubaa na kuwa njano ilitupwa, ikanunuliwa nyingine. Yeye akaokota moja jalalani, akaisugua kwa msasa wa maji wiki nzima, kila saa ya chakula cha mchana, mpaka balbu ikaonekana ndani. Akampelekea meneja wa wakati huo, ameipakata kama mtoto mchanga. Ndipo akapewa kile chumba kando ya stoo, chenye dirisha moja, meza moja na bomba linalovuja. Linavuja mpaka leo. Shangazi alikataa litengenezwe, maana msasa wa maji unataka maji, na lile linatoa bila kuombwa.

Kazi yenyewe ina kipengele cha kutisha: taa, kabla ya kupendeza, huchukiza. Ukipitisha msasa mkali wa kwanza inakuwa nyeupe pee, ndani huoni kitu. Mhasibu wetu aliwahi kuchungulia wakati huo, akaona taa za gari lake zilivyofanywa, akapiga yowe la msiba. Shangazi akamsogezea kigoda, akamwambia atulie, gari halijafa. Ulipofuata msasa laini, kisha polishi, kisha klia, ile rangi isiyo na rangi inayoikinga plastiki na jua, mhasibu alikuwa akijitazama kwenye taa huku akinyoosha tai. Tangu siku hiyo kigoda kile kinaitwa Subira, na kimekaliwa na wakubwa kuliko mhasibu.

Halafu kulikuwa na watu wa dawa ya meno. Kila mwaka hakukosekana aliyesikia mahali kwamba dawa ya meno hung'arisha taa. Inang'arisha kweli, Shangazi alikuwa akikubali, wiki mbili tu, kisha jua linakurudisha kulekule. Mwaka mmoja alikuja daktari, tena wa meno jamani, gari lake linanukia mnanaa tangu getini! Shangazi alimuuliza kwa heshima zote kama taa zake zina fizi.

Na macho yake, acheni tu. Akisimama kituo cha basi huzitambua taa zake zinapopita: ile yangu, ile si yangu, ile yangu lakini mwenyewe haegeshi kivulini, mtazame. Siku moja alilikimbilia gari kwenye foleni ili amseme dereva kuhusu kivuli. Dereva akadhani anaibiwa, akafunga milango yote. Miaka ishirini na tisa hakukosea hata mara moja, na alituringia kwa hilo bila huruma.

Mwandishi wa wasifu huu amekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka hiyo yote ameitwa Mkono Mzito. Ni halali yake. Klia hupakwa kwa kitambaa kilichokunjwa, toka puani mwa gari kuelekea ubavuni, mara moja basi. Hairudiwi. Ukirudi umeharibu. Mwandishi alikuwa akirudi. Kichwa kinajua, lakini mkono unarudi wenyewe, na michirizi inabaki kama paka amepita. Kwa hiyo klia ilikuwa ya Shangazi, taa zote, siku zote.

Mwezi wa tatu uongozi ukatangaza kwamba asipopatikana wa kumrithi, chumba kitafungwa, taa zitanunuliwa mpya kama zamani, na Mkono Mzito atahamia kwenye matairi. Shangazi akapewa fomu ya makabidhiano. Akaijaza yote, akaacha mstari mmoja: "Kazi imekabidhiwa kwa". Ofisi ya utumishi ikamkumbusha mara nne. Mumewe, fundi cherehani, akapiga simu mwenyewe kuuliza kama mkewe anastaafu au anatishia tu. Shangazi akajibu kwamba hawezi kuandika uongo kwa kalamu ya ofisi.

Mtunza stoo ndiye aliyekata mzizi wa fitina. Alitoa taa mbili kuukuu za aina moja, njano sawasawa. Shangazi afanye moja, Mkono Mzito nyingine, kila mtu kwa wakati wake na mlango umefungwa. Kisha Shangazi aambiwe achague iliyo yake. Zamu ya mwandishi ilipofika, alikaa kwanza juu ya Subira, akakunja na kukunjua kitambaa. Akapaka klia mara moja, na hapohapo akakitupa kitambaa kwenye ndoo ya maji, mkono usipate cha kurudi nacho.

Mtunza stoo akazitia alama kwa chini, akazihifadhi siku tatu. Jumatatu zikatolewa uani, karakana nzima ikazunguka. Shangazi akazigeuzageuza juani, akapitisha ukucha, akanusa. Akacheka. Akainua moja na kutangaza kwamba hata mtoto wa chekechea angejua: hii ni yake, ile nyingine si mbaya, ila pembeni mkono mzito unaonekana. Mwandishi alishaanza kuyatazama matairi. Mtunza stoo akaigeuza ile taa iliyoinuliwa, na alama ilikuwa ya Mkono Mzito.

Tukasogea wote kuona. Shangazi akaomba aoneshwe tena, akaoneshwa. Ndipo huyu mama, aliyekosea kwa mara ya kwanza maishani, alipopiga kigelegele kilichomtoa meneja ofisini na kiatu kimoja. Akamkumbatia mwandishi, akamzungusha, akamkanyaga, akamzungusha tena. Mwandishi alilia. Wote mlikuwepo, hakuna haja ya kuficha.

Fomu ilijazwa siku ileile, juu ya boneti. Kwenye mstari uliobaki wazi Shangazi aliandika kwa herufi kubwa: MKONO WANGU. Ofisi ya utumishi imeirudisha, inasema hakuna mtumishi wa jina hilo. Tumeipeleka tena vilevile.

Asante, Shangazi, kwa kila taa, kila utani, na kwa ule ukali wako uliotufaa kuliko ulivyotuuma. Nenda kapumzike na fundi cherehani wako, afya iwe tele, na kila gari litakalokupita lipite liking'aa. Umesema hutakuja kutukagua, kwa kuwa kilichopakwa vizuri hakirudiwi. Hiyo ni klia, Shangazi. Wewe rudi. Kigoda kipo.