Bi Muhuri na Fomu ya Raia Mpya

Tarehe thelathini mwezi huu, Karani Mkuu wa Usajili wa shirikisho letu la mpira wa kikapu anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili kwenye meza ileile iliyo nyuma ya mlango. Sisi wa ofisini tunamwita Bi Muhuri, na ukimwita vingine anageuka kuangalia ni nani mwingine kaingia.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Miaka mitatu baadaye akakabidhiwa makabati ya usajili, na tangu hapo hakuna mchezaji wa timu ya taifa ambaye hakupita mikononi mwake. Wote aliwapima urefu yeye mwenyewe, peku, pale ukutani. Yupo aliyejitangaza ana mita mbili kamili. Alipovua viatu akapungua, alipovua soksi zikaanguka karatasi zilizokunjwa. Nahodha mmoja alirudishiwa fomu mara tatu kwa sababu ya kofia pichani. Alinuna, lakini kofia aliivua.

Fomu huisoma kutoka chini kwenda juu, rula mkononi. Anasema macho ya mtu huwa na bidii juu ya ukurasa, yakifika chini yameshaanza kufikiria chakula. Tulimcheka sana kwa tabia hiyo. Mimi nilimcheka kuliko wote, hadi mwaka ule wa mashindano ya kufuzu.

Mwaka huo uongozi ulimleta mchezaji mrefu kutoka ng'ambo, akapewa uraia ili atuchezee. Kanuni inaruhusu raia wa namna hiyo mmoja tu kwenye timu. Ofisi iligawanyika. Bi Muhuri alipinga waziwazi mkutanini, mbele ya mwenyekiti. Alisema ukinunua mkate dukani usiwaambie wageni umeoka mwenyewe. Akasema mpishi wa kantini yetu ameishi nchini miaka kumi na tisa akiisubiri karatasi hiyohiyo, na huyu kaipata kwa wiki sita kwa kuwa mikono yake inafika juu. Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilisema aliyekula kiapo ni raia, na hakuna raia nusu. Wiki nzima kabla ya mkutano tulikuwa tumebishana, chai ikipoa. Lakini hilo la mpishi bado hunirudia kila ninapopanga foleni kantini.

Jambo ambalo hakulitaja hata mara moja ni kwamba kitindamimba wake alicheza nafasi ileile ya mgeni. Kijana alikuwa amesugua benchi miaka minne akingoja mkongwe wa nafasi hiyo aondoke, na mkongwe alikuwa ameshaondoka. Timu ni wachezaji kumi na wawili. Mgeni akiingia, kijana anakuwa wa kumi na tatu, na wa kumi na tatu hubaki nyumbani.

Fomu ya mgeni niliijaza mimi. Kwa furaha ya kushinda ubishi, mahali pa tarehe ya kiapo nikaandika tarehe aliyoombea uraia. Kosa hilo lilitosha kuifanya fomu ikataliwe, na mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa kumi jioni siku hiyohiyo. Mkurugenzi alishasaini bila kuliona. Bi Muhuri akaanzia chini, rula ikapanda mistari miwili, ikasimama. Angegonga muhuri tu na kunyamaza, mwanawe angesafiri, na lawama zote zingeniangukia mimi, tena kwa haki.

Aliniita, akanionyesha kwa ncha ya kalamu, akaniambia mwanangu, rudia hapa, muda unakwenda. Basi. Nilirudia, naye akagonga muhuri saa tisa na dakika arobaini. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba ubishi wake aliumaliza mkutanini.

Tulifuzu. Mgeni alicheza vizuri mno, kisha akaja kumshukuru mama huyu, akamzawadia jezi yake. Bi Muhuri aliipokea kwa mikono miwili, akaiandika kwenye daftari la vifaa na kuifungia kabatini. Msimamo wake haujasogea hata sentimita, wangu pia. Ila kijana wake, aliposikia habari za fomu ile, alimaliza mwaka mzima bila kukanyaga kwa mama yake. Mwaka huo mama huyu alikula chakula cha mchana peke yake, ameugeuzia ukuta uso, nasi tukijifanya hatuoni. Hilo linatuuma mpaka sasa.

Siku hizi wanaongea. Wiki iliyopita nilimwendea kijana kumwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Alisema niandike, mradi niongeze kwamba angekuwa yeye mahali pa mama yake, angegonga muhuri akanyamaza. Nimeongeza. Nami naongeza la kwangu: ningenyamaza vilevile, na ningejidanganya kwamba nailinda timu ya taifa.

Ahsante, mama, kwa kutuzidi sote. Nenda salama. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na mwanao mlangoni kila Jumapili.