Kipepeo Alikunja Uso

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja. Limekaa kwenye kona, kati ya dobi na kibanda cha fundi saa, mahali ambapo jua hufika mapema na wenye kazi zao huchelewa kuondoka. Birika ndiye anayemimina kahawa. Jina amepewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila birika mkononi. Wakili ni fundi saa. Sheria hajasoma hata ukurasa mmoja, ila hajawahi kukataa kesi, na methali zake huzirusha gizani bila kujali zitampata nani. Mama Pasi hutoka kwa dobi na kikombe chake mwenyewe, maana vya Birika haviamini. Wa nne ni Sikio, anayekula kwa masikio yake: huu mwaka wa kumi na moja anaandika gazetini habari za muziki wa klasiki, ule wa fidla na piano na watu themanini waliovaa nguo nyeusi kama wote wamefiwa na mtu mmoja. Yeye hukaa ncha ile ile siku zote, inayoona mlango wa kijani ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo alifika na daftari kwapani, macho mekundu, na wivu wa kuutosha mtaa mzima.

— Leo saa sita mchana! — alisema. — Mhariri anataka makala mbili mezani, yangu na ya Kipepeo. Itakayompendeza, mwandishi wake anachukua ukurasa wa muziki moja kwa moja. Mwingine anahamishiwa utabiri wa hali ya hewa.

— Na salamu? — Mama Pasi aliuliza.

— Hamjambo. Hali ya hewa, Mama Pasi! Mimi niandike mawingu!

— Si vibaya, — Birika alisema akimpa kikombe. — Mawingu hayaandiki barua za kulalamika.

Kipepeo hakuwa mtu wa benchi. Alikuwa mpita njia, na tai yake ile fupi ya mabawa mawili, akisalimia kila mtu kwa heshima zote, jambo lililomuudhi Sikio kuliko matusi. Miaka miwili nyuma alikuwa mwandishi wa ndondi. Sikio ndiye aliyemkalisha chini akamfundisha kwamba zumari na klarineti ni vitu viwili, na kwamba muziki ukinyamaza katikati usikimbilie kupiga makofi, haujaisha. Leo zikija barua kumi za wasomaji, tisa ni za Kipepeo, na ya kumi inamuuliza Sikio kama anamfahamu Kipepeo.

— Nilimfundisha mimi, — Sikio alisema. — Kwa mdomo wangu huu.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, — Wakili alisema.

— Sasa mimi ni mama yake?

— Haiingii hapo, Wakili, — Mama Pasi alisema, kama alivyosema jana na juzi. — Rudisha ulikoitoa.

— Wiki iliyopita mnajua aliandika nini? — Sikio alifumba macho. Aliijua kwa moyo, na hilo nalo lilimuuma. — "Fidla ilisimama kidogo, kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata." Jikoni! Okestra na jikoni wapi na wapi?

Birika aliacha kumimina.

— Hiyo imenikuta mimi jana, — Birika alisema taratibu. — Nimesimama jikoni mpaka maziwa yakamwagika.

— Mimi kila siku, — Mama Pasi alisema. — Halafu nikirudi sebuleni ndipo nakumbuka.

— Sijauliza kama imewakuta!

— Na wewe wiki hiyo uliandika nini? — Mama Pasi aliuliza.

Sikio alipuliza kahawa ambayo haikuwa na moto tena.

— Niliandika kwamba wapigaji walionyesha kiwango cha kuridhisha.

— Kama ripoti ya shule ya mwanangu, — Mama Pasi alisema. — Hesabu, anaridhisha. Usafi, anaridhisha.

Walicheka, na Sikio naye akacheka kwa meno tu. Hawakujua kwamba sentensi ile ya jikoni mkewe aliikata kwa mkasi akaibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Kila akifuata sukari, anamkuta Kipepeo. Juzi uvumilivu ulimwisha akauliza, mama watoto, na zangu umezibandika wapi? Mkewe akamjibu kwa upole kabisa: zako ndefu, mume wangu, mlango hautoshi. Tangu siku hiyo anakunywa chai bila sukari.

— Lakini jana nimemshika, — alisema, akifungua daftari. — Kulikuwa na mpiga piano mgeni, sifa zake zimemtangulia mwezi mzima, ukumbi umejaa pomoni. Kipepeo kakaa mstari wa tatu, mimi wa tano, nyuma yake kwa pembeni. Sikubandua jicho saa mbili nzima. Kurasa kumi na nne! Lazima kuna siri, na siri hiyo imo humu. Nisaidieni kuitoa kabla ya saa sita.

— Soma, — Wakili aliamuru. — Mahakama inasikiliza.

— "Saa moja na dakika tatu. K. ameketi. Ana programu mbili." Mbili za nini? Ana macho manne?

— Nilijua! — Mama Pasi alipiga paja. — Mashati yake napiga pasi mimi. Mifukoni hamna hata kipande cha karatasi. Mwandishi gani hana karatasi mfukoni? Anayeandika ni mke wake. Yule bwana anapeleka mwili tu.

— Jana alikuwa peke yake.

— Ndiyo hiyo programu ya pili! Ya kumpelekea mwandishi nyumbani.

Sikio aliandika pembeni "mke", akapiga mstari chini yake, halafu wa pili.

— "Saa moja na dakika ishirini na tano. K. ameandika mistari minne. Muziki haujaanza."

— Basi mke hahusiki, — Birika alisema, akiweka birika chini, jambo analolifanya kwa mambo mazito tu. — Huyo makala anaiandika mapema. Ukumbini anakwenda kukagua kama wapigaji wanafuata alichoandika.

— Acha bwana, — Sikio alisema. — Wapigaji wanamfuata yule kiongozi mwenye kijiti.

— Na kiongozi anasimamaje?

— Anawapa watu mgongo.

— Umewahi kujiuliza kwa nini? — Birika alitazama huku na huku. — Aibu! Anajua aliyekaa nyuma yake ndiye bosi.

Mama Pasi alisema hata yeye siku zote alihisi kuna kitu pale kwenye ule mgongo. Wakili alingoja kelele zitulie. Alivua ile lenzi yake ya kazi, akaifuta kwenye shati.

— Mmekosa wote, — alisema. — Saa ya Kipepeo niliitengeneza mimi mwezi uliopita. Nikamwambia, sikiliza inavyotembea. Akaiweka sikio la kushoto. Akangoja. Akaihamishia la kulia, ndipo akatabasamu. Mmeona?

— Tumeona nini?

— La kushoto ni bovu! Kipepeo anasikia kwa sikio moja. Sasa wewe Sikio, una masikio mawili mazima. Muziki unaingilia huku unatokea kule, unabaki na "kiwango cha kuridhisha". Mwenzio ukiingia hauna pa kutokea. Unazunguka humo ndani, unagonga kuta, unatafuta mlango, mwisho unatokea kwenye kalamu. Wahenga walisema, wa moja havai mbili!

— Haiingii hapo, — Mama Pasi alisema, lakini safari hii kwa sauti ya mtu aliyeanza kuyumba.

Sikio alijua huo ni upuuzi. Mtu aliyesoma muziki, anayeisikia fidla iliyopotea njia kati ya fidla ishirini, hawezi kuamini maneno ya fundi saa. Lakini mwenye wivu haulizi dawa imetoka duka gani. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akaingiza kidole kwenye sikio la kushoto ajaribu.

— Kuna tofauti?

— Nasikia nusu yenu. Afadhali kidogo.

— Kidole kimoja hakivunji chawa! — Wakili alihimiza. — Sukuma na cha pili!

Ndivyo mgeni alivyowakuta: mtu mzima, mwandishi wa gazeti, vidole viwili sikioni, na wenzake watatu wamemwinamia kama wanamtoa mdudu. Mgeni mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mvi zimeanza pembeni, begani ana mfuko wa turubai wenye vyuma vinavyogongana.

— Hodi hapa benchini. Poleni. Ndugu yetu anaumwa sikio?

— Hapana, — Mama Pasi alijibu. — Yuko kazini. Karibu ukae.

Mgeni alikaa upande wa tofali, Birika akammiminia.

— Mimi fundi piano, — alisema. — Ile ya ukumbini niliipanga sauti mimi jana mchana. Sikuweza kungoja onyesho, kuna shule mji wa pili walikuwa wananisubiri. Nimerudi leo kuchukua nyundo yangu niliyoisahau, nimekuta ukumbi umefungwa. Mlinzi kaniambia kwenye benchi hili yuko mmoja aliyekuwapo.

Sikio alichomoa vidole. Alijinyoosha, akavuta kola. Hatimaye, mtu wa fani!

— Ni mimi. Mstari wa tano.

— Afadhali! Usiku kucha sijalala. Niambie kitu kimoja tu, nikapumzike. Kuna waya mmoja, huku juu, mkono wa kulia. Mkorofi sana. Ukipigwa kwa nguvu unalegea. Nimeukaza mara tatu, nikauacha na Mungu wake. Waya ulishika, haukulegea?

Sikio alifungua mdomo. Akarudi jana, akaipekua yote, tangu kengele ya kwanza hadi makofi ya mwisho. Alikiona kisogo cha Kipepeo. Alikiona kifungo cha tai, na kalamu yenye kofia ya bluu, na mguu wa kulia unaotikisika. Sauti hakuikuta hata moja. Waya uliolegea! Zamani angeusikia akiwa nje, barabarani, mvua inanyesha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, nayo yakawaka.

— Ngoja, — alisema, akifunua karatasi upesi upesi. — Nimeandika kila kitu. Hii hapa. "Saa mbili na dakika kumi na nane. Piano peke yake. K. amekunja uso. Ameandika neno moja."

— K. ni nani?

— Ni mwenzangu. Tunaandika gazeti moja.

Fundi aliweka kikombe chini.

— Alikunja uso vipi?

— Alikunja tu.

— Hapana, ndugu yangu, kuna kukunja na kukunja. Waya ukilegea, mtu hukunja hivi. — Akakunja. — Na kitu kikimwingia moyoni, hukunja hivi. — Akakunja tena. Watu wa benchi waliukodolea macho uso wa kwanza, wakaukodolea wa pili, wasione tofauti yoyote. — Yeye alikunja upi?

Mama Pasi, aliyejua siri za mifuko yote ya mtaa, aliangalia kucha zake. Birika alichungulia ndani ya birika. Wakili alitoa saa ya mteja akaanza kuisikiliza, sikio la kushoto, kisha la kulia.

— Basi tumwache huyo, — fundi alisema kwa upole. — Wewe mwenyewe ulisikia nini?

Ng'ambo ya barabara mtu alifungua dirisha. Sikio alilifunga daftari, akaliweka mapajani, akaweka mikono miwili juu yake.

Fundi hakukasirika. Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akashukuru, akatundika mfuko begani.

— Huyo aliyekunja uso anakaa wapi? — aliuliza. — Maana huyo alisikia.

Mama Pasi hakutaka kuonyesha, lakini mkono ulikwisha kunyooka.

— Mlango ule wa kijani. Mwambie mashati yake yako tayari.

Fundi alivuka, vyuma vikigongana mfukoni. Birika alisogea karibu na Sikio, akazungumza naye kwa sauti ya chini, anayowawekea watoto wake.

— Mwanangu, bado una saa mbili. Mfuate. Kaa nao chini, uulize jana ilikuwaje. Ulimfundisha, hatakataa kukufundisha. Kusikia hujasahau, umeacha tu.

Sikio alisimama. Kweli alisimama, hata benchi liliyumba kwa upande wake. Alipiga hatua moja hadi ukingo wa barabara. Kule ng'ambo mlango wa kijani ulikuwa unafunguliwa. Alisimama pale, akautazama, kisha akarudi akaketi kwenye ncha yake ile ile, akafungua ukurasa mpya na kuchomoa kalamu.

Wote walishusha pumzi. Makala imeanza! Birika alikamua tone la mwisho la kahawa akammiminia yeye, bila kuombwa. Kalamu ilikuwa inakwenda mbio, haijawahi kwenda mbio namna ile. Mama Pasi alishindwa kuvumilia, akachungulia begani kwake na kusoma kwa sauti:

— "Saa nne na dakika tano. Fundi amebisha. K. amefungua mwenyewe, hana tai. Wamepeana mikono. Wanacheka."

Wakili aliiondoa saa sikioni.

— Sikio la kufa, — alisema, — halisikii dawa.

Mama Pasi alifungua mdomo amkosoe kama kawaida yake. Akaufunga. Alimtazama Sikio, ambaye hata hakuinua kichwa.

— Hiyo, — alisema, — inaingia.