Mama Polepole Anaaga Soko la Hisia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi, Mama Polepole anastaafu kutoka ofisi yetu ya matembezi ya jiji. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu mtaa wa mabenki, ambao hauzidi mita mia nane, yeye huutembea na wageni kwa saa mbili na nusu, na bado hulalamika kuwa amekimbizwa. Uongozi ulishasema wazi: asipopatikana wa kumrithi, ziara yake nayo inastaafu siku hiyohiyo.

Alianza kwa kukata tiketi dirishani. Baadaye alikabidhiwa ziara ambayo waongozaji wote waliikwepa, ya historia ya fedha na biashara za jiji. Nani aache kivuli cha bustani akaelezwe habari za ushuru wa forodha? Kuna siku alimtembeza mtu mmoja tu, naye alikuwa amepotea njia akimtafuta daktari wa meno. Alimaliza ziara yote, na inasemekana jino lilitulia.

Mwaka wa kumi ikaamuliwa ziara ifutwe. Wiki ileile mchora mabango akaleta kibao kipya cha ukumbi wa zamani wa mnada. Palipotakiwa kuandikwa Soko la Hisa, yeye aliandika Soko la Hisia. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na kwa kuwa fungu la kibao kingine halikuwepo, kikatundikwa hivyohivyo.

Kesho yake walikuja watu kumi na wanane, wakiuliza hisia zinauzwaje. Mama Polepole aliwaeleza kosa lenyewe, kisha akawaingiza ukumbini, kwenye mwanga mwembamba unaoshuka kutoka madirisha ya juu na sakafu ya mbao iliyolika mbele ya kaunta. Akawaomba wafumbe macho. Taratibu akasimulia: hapa madalali walipaza sauti, pale bei zilibandikwa, na mlangoni walisubiri watu wasiojua kama jioni bado watakuwa na nyumba. Dalali mmoja mstaafu, macho yakiwa bado yamefumbwa, alisema anasikia viatu vya marehemu kaka yake.

Ziara haikufutwa. Mwaka jana peke yake walimfuata watu elfu nne. Ni yeye pia aliyeokoa mlango wa chuma wa hazina, kwenye benki ya akiba iliyogeuzwa duka la dawa. Alikaa mbele yake siku tatu na kiti chake cha kukunja, akimhadithia msimamizi wa mafundi waliokuja kuung'oa, hata msimamizi naye akaanza kuja na kiti.

Kuhusu mrithi, alituuliza mmoja mmoja, na kila mmoja akapata udhuru. Mimi, karani wa masijala, nilisingizia magoti. Wiki iliyopita alinishika mkono akanipeleka ukumbini. Nilifumba macho. Sikusikia dalali wala mnada, nilisikia pumzi zake tu, ambazo siku hizi zinakwenda mbio kuliko miguu yake. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kwamba atafunga mlango wa ukumbi ule na hakuna atakayeufungua tena. Asubuhi yake nilikwenda kutia sahihi ya kumrithi.

Mama, tunakushukuru kwa subira yako na kwa kutufundisha kutembea. Tunakuombea afya, usingizi mnono na asubuhi zisizo na kengele. Jumatatu saa tatu nitasimama mahali pako, magoti yakitetemeka kweli safari hii. Njoo, ukae nyuma kabisa. Miaka yote ulipowafumbisha wengine macho, wewe uliyaacha wazi ili kuwalindia mikoba yao. Jumatatu mikoba nitailinda mimi. Fumba macho, Mama, umsikilize wa kwako, kama yule dalali alivyomsikia kaka yake.