Gauni la Mzimu Halina Pindo

Benchi letu limekaa kati ya meza yangu ya kushonea viatu na mlango wa Kinyozi, na anayelikalia lazima awe na maoni. Kahawa nachemsha mimi, ndiyo maana navumiliwa. Jumanne ile tulikuwa wanne: mimi, Kinyozi, ambaye hakuwa na mteja, Kipara, karani mstaafu ambaye hajakalia kiti cha Kinyozi miaka kumi na tano kwa sababu inayoonekana, na Fundi Cherehani wa duka la mkabala, kimya, tepu ya kupimia shingoni. Tulijua kinachomkera. Binti yake anasoma chuo cha habari, na Fundi alishatangaza mbele yetu sote kwamba akianguka kazi ya muhula huu, basi, anarudi kukaa kwenye cherehani cha pili. Alikuwa ameshakitia mafuta.

Binti mwenyewe akatokea saa nne asubuhi, akatuamkia, akatoa daftari. Alipewa mada ya kaida za filamu za kutisha, yaani yale mambo yanayojirudia kila filamu mpaka mtazamaji anayangoja. Mwalimu alikuwa amemrudishia kazi na maandishi mekundu juu: haya umeyaokota mtandaoni, watazamaji wako wapi? Mwisho wa kupokea ni saa kumi, siku ile ile.

— Nikawakumbuka nyinyi, wajomba zangu. Mnaziona kwenye runinga ya Kinyozi kila siku.

Fundi akamwambia kwamba amekuja mahali pasipo na msaada. Hilo lilituuma, na ndilo lililotufanya tusaidie kupita kiasi.

— Andika taa, Kipara akaanza. Nyumba ina vyumba kumi, swichi iko ukutani, halafu mtu anaingia na tochi. Umeshaona anayewasha taa?

— Sijaona.

— Na hutaona. Nimekaa ofisini miaka thelathini, najua mambo yanavyopangwa. Filamu hizo zinatolewa na wauza tochi.

Binti akataka kujua ushahidi uko wapi. Kipara akasema ushahidi ni kwamba mpaka leo hakuna muuza tochi aliyekanusha.

— Taa si kitu, Kinyozi akadakia. Kitu ni kioo. Mtu ananawa uso, akiinua kichwa anamwona mwenzake nyuma, roho inamruka. Mimi nina vioo vitatu mle ndani, na nyuma ya kila mteja kuna mtu kashika wembe. Mbona hawapigi kelele?

— Wanaona aibu, Kipara akasema.

— Halafu huyo mzimu wenyewe, nywele zimemfunika uso mzima. Mzimu gani? Huyo ni mtu hajapita saluni. Mpunguze hapa mbele, filamu imekwisha dakika ya tano. Na andika pia kwamba hawasemi. Wanafungua midomo tu.

Hapo binti akaacha kuandika. Akasema, kwa adabu, kwamba darasani wamefundishwa sauti ndiyo nusu ya kitisho. Ikabidi nimweleze mimi. Kinyozi anazima sauti tangu siku mlango ulipolia kwenye filamu na mteja akaruka kitini. Alitoka na mstari mtupu kutoka sikioni hadi utosini, akavaa kofia mwezi mzima. Binti akayaandika hayo pia, na sikupenda alivyoyapigia mstari.

Fundi alikuwa ameapa kutochangia upuuzi. Uzalendo ukamshinda.

— Gauni la mzimu halina pindo.

Tukageuka wote.

— Liangalieni vizuri siku nyingine. Jeupe, refu, chini linaburura nyuzi. Hiyo ni nguo iliyotoka kwa fundi kabla haijakwisha. Yule marehemu harudi kuua mtu. Ni mteja, anafuata kazi yake.

— Basi wa kuogopa ni wewe, Kipara akamwambia kwa upole. Yule mama wa gauni la buluu unamwambia Ijumaa tangu mwaka jana.

Fundi akajifanya anahesabu vifungo vya shati lake mwenyewe. Binti aliinama kuficha kicheko, mkono unakimbia. Alikuwa ukurasa wa tatu. Nikamimina kahawa ya pili. Tulijiona watu wa maana sana.

Sasa, kwenye kigoda changu alikuwepo mama mmoja mgeni, anangoja nimmalizie kisigino, kiatu kimoja mguuni. Muda wote alikuwa akitusikiliza.

— Samahanini, akasema. Mwisho wake huwaje, hizo filamu?

Kipara akapiga funda la kahawa ambayo ilikuwa imeshamwishia kikombeni. Kinyozi akatazama viatu vyake. Ukweli ni kwamba Kinyozi huianza filamu upya kila mteja anapoketi, eti ili wote wapate haki sawa, na kichwa kimoja humchukua dakika ishirini. Mtaa mzima tunazijua dakika ishirini za mwanzo. Kipara anazijua kutokea mlangoni. Kinyozi mwenyewe huwa anatazama vichwa.

— Na wewe, mwanangu? mama akamgeukia binti.

Binti akafunga daftari polepole.

— Sijawahi kumaliza hata moja, mama. Naogopa.

Nilimwonea huruma, sifichi. Nikangoja baba yake aseme si nilisema. Fundi akamtazama mwanawe, akaitazama saa yake, akasimama.

— Kinyozi, fungua runinga. Weka sauti.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, mlango wa Kinyozi wazi, tumekaa sita kwenye viti na ndoo. Mlango wa kwanza wa filamu ulipolia, Kipara akakumbuka nguo zake kwenye kamba. Msichana wa filamu aliposhuka ngazi na tochi, Kinyozi akaenda kukung'uta mashuka ya wateja, akayakung'uta sana. Mimi nilitoka kuangalia kama mvua inakuja. Anga lilikuwa jeupe pe. Yule mama akanifuata akichechemea, akasema afadhali nimalize kisigino.

Kwa hiyo haya mengine niliyaona dirishani. Binti yuko mbele, anatetemeka mabega, anaandika. Fundi yuko nyuma yake, mkono juu ya kiti cha mwanawe, macho kayafumba kwa nguvu zake zote. Hakuinuka.

Saa nane kasoro binti akatoka, uso umelowa, daftari kifuani. Akasema asanteni wajomba, akashika njia ya chuo bila kugeuka. Fundi akasimama mlangoni kumtazama. Sisi tulikuwa tumerudi kwenye benchi kama hatujatoka.

— Haya, Kipara akauliza. Mwisho wake je?

Fundi alingoja kwanza binti akate kona.

— Mzuri. Msichana anatoka mlangoni mzima, anakwenda zake.

Nilikuwa nimeyaona yale macho yalivyofumbwa. Fundi akavuka barabara, akakifunika cherehani cha pili kwa kitambaa, akaketi kwenye chake, akavuta gauni la buluu, akaanza kulishona pindo.