Mwalimu Eustadia na Mkutano wa Isongwa

Baba Paroko, wazee wetu, majirani na ndugu wote mliokuja hapa Ipole kutoka mbali na karibu, historia hii inasomwa na Ambrosi, mdogo wa marehemu, kama marehemu alivyoagiza mwenyewe, ingawa ndani ya familia mabishano yamekuwapo hadi asubuhi hii kuhusu sehemu moja, na sehemu hiyo haikuondolewa.

Marehemu Eustadia alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa Ipole, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa marehemu Mzee Hilari, mrina asali, na Mama Katarina, ambaye tuko naye hapa leo. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1946, akaendelea na masomo ya kati Tabora mjini, na mwaka 1956 akatunukiwa cheti cha ualimu.

Januari 1957 alianza kazi katika shule moja ya mjini Tabora, na huko alikutana na Mwalimu Hamoud bin Darwesh, aliyekuwa amesomeshwa mantiki na baba yake tangu utotoni, naye wakati wa mapumziko, chai ikipoa mezani, alimzoeza kuzichambua hoja: kwamba kumchafua msemaji si kuijibu hoja yake, kwamba jambo likifuata jingine haimaanishi limeletwa na hilo, na kwamba mtu anayekupa njia mbili tu uchague, huenda amekuficha ya tatu. Uhuru ulipopatikana, watu wakawa wanataka kusema na kujibiwa, marehemu alianzisha midahalo ya Jumamosi, na wapo humu watu wazima ambao mpaka leo hawathubutu kusema “kila mtu anajua” mbele ya ukoo huu.

Tarehe 24 Novemba 1962 alifunga ndoa takatifu na Bwana Anton, karani wa stesheni, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia akiwa mchanga. Mwaka 1970 alihamishiwa elimu ya watu wazima, na Agosti 1974, familia zilizokuwa zimetawanyika porini zilipotakiwa kukaa pamoja, alipelekwa kijiji kipya cha Isongwa, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka hapa.

Sasa inakuja sehemu tuliyobishania.

Siku ya kuhamia Isongwa, mrina asali mmoja aitwaye Masele alisimama kando ya kisima kipya, akatazama maji yake, akasema mbele za watu, “Mahali hapa patatumaliza.” Wiki tatu baadaye watoto watano walikuwa wamekufa kwa kuhara, mmoja wao mjukuu wa Mzee Damas, mwenyekiti wa kijiji. Jumamosi tarehe 21 Septemba, saa tisa alasiri, mkutano uliitishwa, na Masele aliletwa akiwa amefungwa mikono kwa kamba ya katani, vijana wamemzunguka na fimbo.

Mzee Damas, macho yamemvimba kwa kilio, alisema, “Alitamka, ikawa. Mnataka ushahidi gani tena? Anayemtetea huyu hataki kijiji chetu kisimame. Uko nasi au uko naye.”

Marehemu alisimama, akasema, “Shikamoo Mzee Mwenyekiti, pole kwa msiba. Juzi mimi nilisema upepo utaezua darasa, ukaezua. Je, ni mimi niliyeuleta? Kuwa upande wa kijiji si kumuua Masele. Tuwaulize akina mama wa wale watano walichota maji wapi.”

“Kisimani,” alijibu Marcelina, binti wa Mzee Damas, aliyefiwa na mwanawe. “Na wa nyumba zinazochota mtoni, nani amekufa?” marehemu akauliza. Marcelina alizihesabu nyumba kwa vidole, akasema, “Hakuna.”

Hoja ilikuwa imekamilika, lakini watu hawakuitaka, maana kisima hakiwezi kupigwa fimbo. Mtu mmoja akapiga kelele, “Mwalimu anatuzungusha na maneno ya shule!” na fimbo ya kwanza ikampata Masele begani. Hapo marehemu akasema kwa nguvu zake zote, “Muulizeni Damas anataka nini! Anaitaka mizinga ya nyuki ya Masele, ndiyo maana anataka afe!”

Watu wakamgeukia Mzee Damas, wakamrushia mawe hadi mlangoni kwake, na katika fujo ile Masele akafunguliwa. Tarehe 2 Oktoba bwana afya alifika, akayapima maji, akakifunga kisima, na hakuna mtoto mwingine aliyekufa kwa ugonjwa ule. Mzee Damas alikuwa amekwisha kuondoka na watu wa nyumbani kwake kwenda Urambo, akiwa na jeraha la kichwa, na kaburi la mjukuu wake akaliacha Isongwa.

Marehemu alipongezwa sana, akaitwa mkombozi wa Masele, naye kila aliposifiwa alitoka nje. Alimwambia mumewe, “Habari ya mizinga niliitunga pale pale. Nilijua ni uongo, na nilijua watauamini.” Bwana Anton alimjibu kwamba bila uongo ule Masele angekuwa marehemu, naye akasema, “Najua. Nimelipima hilo kila siku, na bado yule mzee hakuitaka mizinga.”

Juni 1977 alipanda treni kwenda Urambo kuomba radhi. Mzee Damas alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, “Mimi nilikuwa najua sikuitaka. Kawaambie wao.” Basi tarehe 4 Februari 1978 aliomba nafasi katika mkutano wa Isongwa akakiri yote, watu wakazomea, wengine wakasema kama alidanganya kuhusu mizinga basi hata kisima kilisingiziwa, na alisimama zaidi ya saa nzima akiwaeleza kwamba uongo wake mmoja hauyageuzi maji yale kuwa safi. Darasa lake la watu sitini likabaki na kumi na mmoja, Masele akiwa wa kwanza kufika kila siku.

Mwaka 1982 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Tabora kwa miezi kadhaa, na tarehe 9 Agosti 1983, saa tano asubuhi, aliaga dunia. Ameacha mume, watoto watatu, mama mzazi na ndugu zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Ipole waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake wakiongozwa na Mwalimu Hamoud, na Bwana Masele na wana Isongwa waliochimba kaburi. Familia inamshukuru pia Mzee Damas, aliyefika jana kutoka Urambo pamoja na Marcelina; mzee mwenyewe ametuomba tusitangaze kwamba amesamehe, tutangaze tu kwamba amekuja.

Dada Eustadia, yote uliyoagiza yamesomwa. Mungu akupe pumziko.