Mwalimu Mwanamisi na Kibali cha Getini

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 2018, Mwalimu Mwanamisi Hamisi anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Awali Mapambazuko ya hapa Bariadi kwa karibu miaka ishirini na minne. Amefundisha watoto, wadogo zao, na sasa anafundisha watoto wa wale watoto. Kuna mnunuzi mmoja wa pamba, mtu mzima mwenye malori mawili, ambaye hadi leo akikutana na Mwalimu sokoni huficha mikono nyuma akidhani atakaguliwa kucha.

Mwalimu alizaliwa Kwale, Kenya, mwaka 1958. Alisomea ualimu wa chekechea huko huko na kufundisha zaidi ya miaka kumi kabla ya kuolewa na Twaibu, mfanyabiashara wa Tanga. Serikali ilipofungua biashara, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kumiminika huku kwetu, Twaibu alisikia kwamba msimu wa mavuno khanga hazikai dukani Bariadi. Akaja kufungua duka. Mkewe akamfuata mwaka 1995 na begi la nguo, mbuzi ya kukunia nazi na bahasha yenye cheti chake cha ualimu. Mbuzi ilikosa kazi siku ya kwanza, maana nazi zenyewe hakuna. Cheti nacho kikakosa kazi, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia.

Wakati huo shule za binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinachipuka. Wazazi wa mtaa huu, wakiongozwa na Mzee Masunga, mkulima wa pamba na mfugaji, walikuwa wamejenga darasa moja la bati na kulizungushia uzio wa minyaa. Walikuwa na darasa, watoto na sufuria ya uji. Walichokosa ni mwalimu, na Mwanamisi alipojitokeza walimpokea kwa mikono miwili.

Kwenye ofisi za elimu mambo yakawa mengine. Enzi hizo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na huko aliambiwa kwamba cheti cha Kenya lazima kipelekwe Dar es Salaam kilinganishwe na vya kwetu. Dar es Salaam wakataka barua ya chuo alichosoma. Chuo kilikuwa kimeunganishwa na kingine, na kile kingine kikawa kinatafuta majalada ya kile cha kwanza. Barua zilikwenda na kurudi hadi karani wa posta akawa anamsalimia kwa jina. Mwaka uliofuata jibu likaja: kwa sasa atambuliwe kama mlezi wa watoto, mpaka mkaguzi atakapokuja kumwona akifundisha. Akishindwa hapo, atabaki mlezi, na shule isiyo na mwalimu anayetambuliwa haitasajiliwa. Mlango ungefungwa mwisho wa mwaka.

Mlezi si neno baya, lakini lilimuuma. Nilikuwa msaidizi wake siku ile barua ilipofika, na namkumbuka alivyoisoma, akaikunja, akaenda kugawa uji.

Kwa kweli darasani nako alikuwa amepata tabu mwanzoni. Alikuja na nyimbo za kaa na mawimbi kwa watoto ambao maji mengi waliyowahi kuona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Aliwauliza maswali kwa Kiswahili chake laini cha Kwale. Wao, waliozoea Kisukuma nyumbani, wakapiga magoti, wakapiga makofi ya heshima na kutazama chini. Nyumbani mtoto mwenye adabu habishani na mkubwa. Mwalimu alikuwa na darasa lenye adabu kuliko yote Tanzania na hakuna aliyefungua mdomo.

Mzee Masunga ndiye aliyemfungua macho. Alikuja siku moja na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akamwita mama kwa Kisukuma na kumwambia, “Mayu, hawa uwaulize habari za ng'ombe. Ng'ombe wanawajua.” Basi, Mwalimu akaagiza udongo wa mtoni. Watoto wakafinyanga ng'ombe, na kila Jumatano darasa likawa mnada. Kulikuwa na zizi, meza ya vibali vya kupitisha ng'ombe, josho la majivu la kuwaogeshea, na geti. Humo wakahesabu, wakapanga kwa rangi na ukubwa, wakabishana bei kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyejua wanacho. Mwalimu naye akajifunza kusema mwangaluka asubuhi na kutafuna michembe. Hiyo michembe aliicheka wiki ya kwanza. Baadaye akawa anawatumia hadi ndugu zake Kwale.

Mkaguzi alikuja Jumatano, bila taarifa. Alikuwa Bwana Mashimba, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na sifa ya kutocheka. Getini alimkuta Nyanjige, binti wa miaka sita, ambaye mjomba wake alikuwa mlinzi wa geti kwenye mnada wa kweli. Nyanjige alipiga magoti, akapiga makofi na kusalimia, “Mwangaluka, baba.” Kisha akasimama, akanyoosha mkono kuziba njia.

“Kibali kiko wapi?”

Bwana Mashimba akaeleza kwamba ametoka Shinyanga kikazi. Nyanjige akamjibu kwamba hata wa Shinyanga huwa wanakuja na kibali.

Nilitaka kukimbia nikamwondoe yule mtoto. Mwalimu akanishika mkono. Kazi yake yote, jina lake na mlango wa shule vilikuwa pale getini mbele ya mtu mmoja, na mtoto wa darasa lake alikuwa anamzuia. Akaninong'oneza, “Mwache mtoto, yuko kazini.”

Nimefanya kazi na walimu wengi. Sijui mwingine ambaye angethubutu.

Mkaguzi akaelekezwa kwenye meza ya vibali. Akaulizwa ana ng'ombe wangapi na wa rangi gani. Akasema hana. Wakamwambia asiye na ng'ombe hapewi kibali, akafinyange kwanza. Akavua koti, akachuchumaa, akafinyanga ng'ombe mwenye shingo ya twiga. Watoto wakamzunguka, wale wale wasiofungua mdomo, wakimweleza pembe zinavyokaa na kwa nini miguu haitoshani. Wakaamua ng'ombe huyo ni mgonjwa, apite josho kabla ya kuingia. Bwana Mashimba akampitisha josho. Alipofunguliwa geti, asubuhi ilikuwa imeisha, na suti ilikuwa na majivu hadi magotini.

Alipoaga alimwambia Mwalimu kwamba amekagua shule miaka mingi, ila ndiyo mara ya kwanza kukaguliwa yeye. Kisha akacheka, na dereva wake akashuka garini kuja kuona kuna nini.

Barua ilifika kabla ya mwaka kwisha, imeandikwa “Mwalimu wa Shule ya Awali”. Shule ikasajiliwa. Twaibu, Mungu amrehemu, alipika pilau la mtaa mzima, na Mwalimu alilia mbele za watu bila kujifuta.

Tangu hapo darasa moja limekuwa sita. Mwalimu amewaandaa walimu wa Migato na Bukundi, na kila mwalimu aliyekuja kutoka nje ya nchi na cheti chake mkononi ameelekezwa kwake. Nancy, aliyesomea Uganda na leo anafundisha Maswa, anasema Mwalimu alimpa soda, orodha ya ofisi za kwenda, na onyo kwamba asikubali kuondoka bila kuuliza arudi lini. Ana kasoro zake pia. Chai yake ina sukari ya kusimamisha kijiko, na kwenye kikao hakuna anayemshinda kwa kupinga, hata jambo alilolipendekeza yeye.

Sasa anarudi Kwale kupumzika kwa ndugu zake, na sisi tunaona vibaya, tusidanganyane. Wiki iliyopita watoto walikaa mezani kumwandalia kibali cha kutoka. Wakakwama palepale alipokwama Bwana Mashimba: Mwalimu hana ng'ombe. Habari zilipomfikia Mzee Masunga, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliwaita wazazi. Keshoye wazazi walileta mtamba mwekundu mwenye tumbo jeupe, wa kweli, anayekula majani. Mtamba huyo ni wa Mwalimu, na atabaki katika zizi la Masunga, maana basi la Kwale halipandishi ng'ombe.

Wabeja sana, mayu, asante kwa watoto wote uliowafungua midomo. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, nazi za kutosha na maisha mema kila utakapokuwa.

Kibali chako kiko tayari. Watoto wamechora mtamba, wameandika unakotoka na unakokwenda, kisha wakaongeza mstari ambao vibali vya kawaida havina: tarehe ya kurudi kuangalia ng'ombe wako. Huo wameuacha wazi. Darasa lako linachukuliwa na Mwalimu Nyanjige, yule yule, na ametuambia kwamba Ijumaa atasimama getini mwenyewe. Hapiti mtu mpaka tarehe ijazwe.

Mwalimu Felisita Maganga, kwa niaba ya wafanyakazi wote